Uwanja wa Dansi wa Pasiansi na Namba Zilizokaa Chini ya Paa

Ukisimama leo juu ya mawe ya Pasiansi ukatazama upande wa mjini Mwanza, katika kila mapaa manne unayoyaona, moja limepita mikononi mwangu. Sijisifu, nataja tu. Na hata nikijisifu, nani ataninyamazisha? Nilisoma mpaka darasa la pili, nikaondoka shuleni na herufi zangu chache kama mtu anayetoka sokoni na fungu moja la dagaa, na leo wenye darasa la nane wananisubiri barazani kwangu mpaka nimalize chai.

Ila kabla ya hapo nilikuwa "kijana wa mbao". Ndilo jina nililoitwa miaka tisa kwa mkandarasi mmoja Mhindi aliyekuwa akijenga maghala ya pamba na nyumba za makarani. Nilikuwa na mke, nilikuwa na watoto wawili, nilikuwa na ndevu, na bado ni kijana wa mbao. Kenchi za kubebea bati nazipima mimi, nazikata mimi, nazipandisha mimi. Bati la mwisho likishapigwa msumari, fundi mkuu ndiye anayesimama mbele kupeana mkono na mwenye nyumba, na mimi niko nyuma nafagia maranda. Nilitaka kitu kimoja tu hapa duniani: kazi moja, hata ya banda la kuku, ambayo atakayesimama mbele ni mimi.

Mwaka wa Uhuru nikaipata. Wapo wanaosema nilipendelewa. Wapo wanaosema nilikwenda kwa mganga. Nitaandika ilivyokuwa. Dawa yangu ilikuwa kipeuo cha pili, na aliyenipa ni mke wangu. Jambo hilo sikulisema kwa miaka mingi, na nikilisema sasa ni kwa sababu yeye ndiye atakayesoma karatasi hizi kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mke wangu alisoma kwa masista mpaka darasa la nane. Nilipomwoa alikuja na sanduku la nguo, sufuria mbili, na madaftari yake ya shule yamefungwa kwa kamba ya katani. Sufuria nilizielewa. Madaftari sikuona kazi yake mpaka mchana mmoja wa Jumapili, yeye anamenya mihogo uani na mimi nimelala kwenye mkeka, nikalichukua moja nijipepee. Likafunguka mahali palipojaa alama ya ajabu: kijiti kifupi kimeshuka, kingine kimepanda, halafu mstari mrefu umelala juu ya namba kama boriti.

"Nani huyu amechora paa la upande mmoja?" nikauliza.

"Si paa. Ni kipeuo."

"Wewe, mimi nimeanza kuezeka hujajua kusonga ugali. Hili ni paa, na namba zimekaa chini yake zinakwepa mvua."

Alicheka mpaka kisu kikamtoka. Kisha akasema, "Haya, fundi, kama ni paa, niambie chini ya paa hili lenye thelathini na sita anaishi nani."

Ndivyo nilivyoanza. Akanieleza kwamba kipeuo cha pili cha namba ni ile namba ambayo, ukiizidisha kwa yenyewe, inaizaa ile iliyo chini ya paa. Sita mara sita ni thelathini na sita, basi aliyemo ni sita. Hiyo niliimeza bila maji. Akaniwekea sabini na mbili, nikasema haraka kama mjuaji, "Thelathini na sita!" Nilikuwa nimeigawa katikati. Akaniambia kugawa katikati ni kwa mihogo.

Akaenda ndani, akarudi na kiganja cha mbegu za ukwaju. Akanionyesha kwamba sabini na mbili ni mbili mara mbili mara mbili, mara tatu, mara tatu. Akazipanga mbegu mstari mmoja kwenye mkeka: mbili, mbili, mbili, tatu, tatu. "Sasa sikiliza sheria ya nyumba hii," akasema. "Mlango ni mwembamba. Anayetoka ni mwenye pacha wake tu, na wakitoka wawili, mlangoni anapita mmoja kwa niaba ya wote. Asiye na pacha anabaki ndani." Mbili na mbili wakatoka, ikasimama nje mbili moja. Tatu na tatu wakatoka, ikasimama nje tatu moja. Walio nje wanazidishana, wanakuwa sita. Ndani imebaki mbili moja inayosubiri. "Sita nje, mbili ndani. Hapo umeirahisisha, na thamani yake haijapungua hata kidogo."

Nawaambia, nilikaa kitako. Darasa la pili hawakunifundisha kitu kitamu kama kile. Nikamwambia aniwekee nyingine, na nyingine, mpaka mihogo ikalala chini ya nzi. Nilichokipenda kuliko vyote ni kuzidisha paa kwa paa. Kumi na nane akiwa peke yake chini ya paa lake, hatoki mzima. Mbili naye peke yake, hatoki kabisa. Lakini ukizidisha paa lile kwa hili, unaondoa ukuta wa katikati, yanakuwa paa moja, na chini yake wanakaa thelathini na sita. Anatoka sita, mzima, na nyumba inabaki tupu! Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia juu ya ua kuuliza kama kuna mgeni.

"Kuna wageni wawili," mke wangu akamjibu, "na wameondoka sasa hivi."

Siku hiyo hiyo alinikosea heshima pia. Mimi nilikuwa na siri yangu ya kazi niliyoipata kwa kunyatia wakubwa: chumba cha mraba chenye futi kumi na mbili kila upande, ukipima kutoka pembe hadi pembe, lazima upate kumi na saba. Usipopata kumi na saba, chumba kimekaa upogo. Nikamwambia kwa fahari. Akaandika, akafuta, akaandika.

"Pembe hadi pembe yako ni kipeuo cha mia mbili themanini na nane," akasema. "Kumi na saba mara kumi na saba ni mia mbili themanini na tisa. Umezidisha moja."

"Nani amezidisha?"

"Wewe na kumi na saba yako."

"Mapaa yangu yamesimama!"

"Sijasema yameanguka. Nimesema umezidisha moja." Na akanionyesha: mia mbili themanini na nane ni kumi na mbili mara kumi na mbili, mara mbili. Kumi na mbili wana pacha, wanatoka. Mbili inabaki. "Kumi na mbili nje, mbili ndani. Na chumba chochote cha mraba ni hivyo hivyo. Upande wake unakaa nje, mbili inakaa ndani."

Nilinuna mpaka chakula cha jioni. Halafu nikala.

Sasa, uwanja wa dansi. Pale Pasiansi, karibu na maji, palikuwa na klabu ya dansi yenye sakafu ya mbao za mvule, futi ishirini na nne kila upande. Mwenyekiti wake alikuwa fundi cherehani, mzee wa Kiislamu wa mjini, mtu wa kanzu safi na maneno machache. Uhuru ulipokaribia, kamati ikaona sakafu ile haitatosha. Wakanunua mbao nyingine kadiri ile ile ya zamani, zikaja kwa meli kutoka ng'ambo, na wakatangaza kwamba wanataka uwanja mpya mara mbili ya ule. Wa zamani utabomolewa, mbao zake zichanganywe na mpya.

Mtu wa mbali atasema: kazi gani hiyo? Ongeza upande mmoja, uwe mrefu. Mtu huyo hajui Mwanza. Pale uwanjani kila upande ulikuwa na wenyewe. Upande wa ziwani ni wa wavuvi Wakerewe. Upande wa barabarani ni wa watu wa mjini. Upande wa mawe ni wa Wasukuma waliokuja kutoka Kisesa na Kiseke na ngoma zao, na upande wa nne ni wa akina mama. Sisi Wasukuma tukishindana ngoma, hatupendi kupunjwa hata hatua moja, na wenzetu waliokaa nasi wamekwisha ambukizwa. Ukimpa mmoja upande mrefu kuliko mwenzake, hakuna dansi, kuna mashauri. Kwa hiyo uwanja lazima uwe mraba, na mbao ni zile zile, hakuna nyingine itakayonunuliwa.

Mwenyekiti akasema atakayetaja kipimo kitakachotosha mbao zile ndiye atakuwa fundi mkuu. Niliposikia neno hilo nilishika mti ili nisikimbie papo hapo. Nilikwenda nyumbani kwanza. Mke wangu alikuwa anakausha dagaa. Nilipomweleza, alinipa kipande cha mkaa, akanionyesha ukuta wa jiko. Kwa mkono wangu mwenyewe, naomba iandikwe hivyo, nikaweka chini ya paa: mbili, mara ishirini na nne, mara ishirini na nne. Mapacha wakatoka. Ishirini na nne nje, mbili ndani. Kama kumi na mbili inakwenda kumi na saba, ishirini na nne inakwenda thelathini na nne.

"Pungufu kidogo," akasema bila kugeuka.

"Pungufu kidogo," nikakubali safari hii.

Nilifika uwanjani asubuhi nikakuta vigingi vimekwisha pigwa ardhini na uzi umevutwa. Fundi mmoja aliyewahi kufanya kazi Dar es Salaam, mwenye saa mkononi na kofia ya pamba, alikuwa ameshika rula na kamati nzima inamtazama. Nikaamkia, "Shikamoo mzee," mwenyekiti akaitikia, "Marahaba, kijana wa mbao. Umechelewa. Mwenzako amekwisha pima arobaini na nane."

"Ishirini na nne mara mbili," yule fundi akasema, "au kule kwenu inakuwa ngapi?"

Watu wakacheka. Nikamwomba mwenyekiti ruhusa, nikatembea ndani ya uzi ule. "Mzee, uwanja wa zamani unakaa hapa. Mwingine kama ule unakaa pembeni yake hapa. Wa tatu nyuma yake. Wa nne kwenye kona hii. Hizo ni sakafu nne, na wewe una mbao za sakafu mbili."

Mzee mmoja wa kamati akafuata nyayo zangu, akahesabu kwa vidole, akasema, "Kweli, nne."

Fundi wa Dar hakubabaika, nampa sifa yake. "Basi tuchukue katikati," akasema. "Kati ya ishirini na nne na arobaini na nane ni thelathini na sita. Hapo hakuna ubishi."

Kamati yote ikatikisa kichwa kukubali. Thelathini na sita ilikuwa inapendeza, haimwonei mtu. Mwenyekiti akaanza kufungua mdomo, na nikaona kazi yangu inaondoka kama meli iliyokwisha piga honi.

"Thelathini na nne!" nikapayuka. "Thelathini na nne kasoro kidogo."

"Kasoro kidogo ngapi?"

"Kidogo tu. Ni kipeuo. Ishirini na nne wametoka nje, lakini mbili amebaki ndani, hana pacha..."

Hapo ndipo waliponicheka sawasawa. Fundi wa Dar akashika tumbo. "Mbili amebaki ndani! Mtoeni jamani, asikose hewa!" Na mwingine, "Huyu ameanza kunywa mapema." Masikio yaliniwaka moto. Miaka tisa ya kubeba mbao ilinirudia mabegani yote kwa mara moja. Nilijua kwamba nikiondoka pale nimechekwa, nitakufa kijana wa mbao, na watanizika hivyo.

Mwenyekiti peke yake hakucheka. Alikuwa na futi yake ya ushonaji shingoni, kama kawaida, na mfukoni kitambaa cha marekani cha kufutia jasho. Nikakiona. Sijui akili ilitoka wapi. Nasema ilitoka kichwani mwangu, mke wangu anasema kila mwanamke aliyekunja nepi anajua jambo lile. Nikasema, "Mzee, naomba kitambaa chako. Tukate mraba wa inchi kumi na saba."

Alinitazama, kisha akapima mwenyewe, kwa kuwa hakumwamini mtu na kitambaa, akakata kwa mkasi wake. Nikakitandaza juu ya ubao. "Sasa chukua kila pembe, ilete katikati zikutane." Akazikunja pembe nne kwa vile vidole vya fundi cherehani, zikakutana katikati bila kupandana wala kuacha mwanya. Kikawa mraba mdogo.

"Huu mdogo una kitambaa juu na kitambaa chini," nikasema. "Pote ni mbili, hakuna palipo na moja wala tatu. Ni kweli?"

Akapapasa. "Ni kweli."

"Basi ukiukunjua, unapata mara mbili yake kamili. Pima huu mdogo."

Akaushusha utepe toka shingoni, akapima. "Kumi na mbili."

"Kunjua, upime."

"Si nimeukata mwenyewe? Kumi na saba." Akaukunja tena. Akaukunjua tena. Uso wake ulianza kucheka kabla ya mdomo. "Kumi na mbili imekuwa mara mbili ikafika kumi na saba. Haikufika ishirini na nne. Na haikufika kumi na nane."

"Na yako ni ishirini na nne, mzee. Ni hizo kumi na mbili mara mbili."

"Basi na kumi na saba mara mbili," akasema pole pole. "Thelathini na nne." Akageuka kwa kamati. "Jamani, miaka arobaini nakata nguo, nimekuwa nakunja jambo hili kila siku na sikulitazama."

Fundi wa Dar akasema, "Thelathini na nne, thelathini na sita, tofauti gani? Ni futi mbili tu!" Lakini nilikuwa nimekwisha piga hesabu hiyo ukutani jikoni, nikamjibu: kwa thelathini na sita, mbao zingepungua kadiri ya shimo la futi kumi na mbili kwa kumi na mbili. "Chumba kizima cha kulala, bwana mkubwa, katikati ya uwanja. Utatandika kitanda wacheze kukizunguka?"

Safari hii walicheka kwa upande wangu. Mwenyekiti alinipa mkono mbele ya watu wote. Hakusema kijana wa mbao. Alisema, "Fundi, unaanza lini?"

Nilianza kabla jasho la mkono wake halijakauka. Tuling'oa sakafu ya zamani, tukanyoosha misumari, tukapiga randa mbao za zamani zifanane na mpya. Nilipopima, sikuweka thelathini na nne. Kila upande nilipunguza robo tatu ya inchi, kwa heshima ya mbili aliyebaki ndani. Fundi wa Dar nilimchukua anisaidie kwenye nguzo, maana alikuwa na mkono mzuri, tatizo lake lilikuwa saa. Siku ya mwisho kilibaki kipande cha mvule kirefu kama mkono wangu, na mwenyekiti alikibeba mwenyewe kwenda nacho dukani kwake.

Kabla ya dansi ya kwanza, pande nne zilikuja kuhakikisha. Wakerewe walikuja na kamba ya wavu yenye mafundo. Watu wa mjini walikuja na futi ya chuma. Akina mama walipima kwa khanga, wakizitandaza moja baada ya moja huku wakipiga vigelegele. Kiongozi wa ngoma kutoka Kisesa, mtu mrefu mwenye kengele miguuni, alipima kwa nyayo, halafu akavuka akapima upande wa kila mwenzake. Wakabadilishana vipimo, wakapima tena. Hawakupata la kusema. Niliona wamekasirika kidogo, kwa kuwa walikuwa wamejiandaa kwa ubishi.

"Basi leo tukishindwa, tutamsingizia nani?" akauliza yule wa Kisesa, na uwanja wote ukapasuka kwa kicheko. Ngoma ikalia. Gita likaingia juu ya ngoma. Mbao zikaitikia chini ya miguu kwa sauti moja, pande zote sawa. Nilisimama mbele, mahali pa fundi mkuu, nimevaa koti la kuazima, na watu walipita mmoja mmoja wakinipa mkono mpaka kiganja kikafa ganzi. Sikukiondoa.

Yule mkandarasi wangu alikuja pia, na mke wake. Akazunguka sakafu yote akigongagonga kwa kisigino, akatazama maungio, akarudi kwangu.

"Kazi safi," akasema. "Jumatatu ghala linaanza. Njoo mapema."

"Samahani, bwana," nikamjibu, na nikahakikisha nimesema kwa sauti. "Jumatatu siwezi. Nina watu sita wananisubiri niwaezekee nyumba."

Alinitazama, akatikisa kichwa, akanipa mkono naye, akaenda. Mke wangu, aliyekuwa nyuma yangu na mtoto mgongoni, akanivuta koti.

"Watu sita gani? Mimi nawajua wawili."

Ni kweli walikuwa wawili. Wanne niliwatafuta Jumapili.